Jumamosi Mama Alipovuna Bilpin

Safari hii sikuipanga kwa ajili ya kutalii. Niliipanga kwa sababu mama yangu alikuwa amegoma kwenda kanisani, na mama yangu kugoma kwenda kanisani ni sawa na jogoo kugoma kuwika.

Mama alikuja Sydney kunitembelea kwa miezi miwili. Hajamaliza hata wiki mbili, mipaka ikafungwa kwa sababu ya korona, ndege zikakoma, na ile miezi miwili ikawa mwaka na ushei. Kwetu ni Makete, kule juu ambako mwezi wa saba unaamka unakuta umande umeganda kwenye majani ya viazi. Mama ni mkulima, mjane, ana miaka sitini na minane. Amelima viazi, pareto na matufaa maisha yake yote, na sijawahi kumwona amekaa chini mchana isipokuwa kanisani na msibani.

Mimi niliapa kwamba akija kwangu atapumzika. Asiguse sahani, asiguse ufagio. Watu wa kijijini wangesemaje, kwamba Tumaini kamwita mama yake ughaibuni akawe mfanyakazi wake wa ndani? Korona ilipoingia nikaongeza masharti: asiende dukani, asipande treni, asikae karibu na dirisha. Nikamnunulia hita, blanketi la umeme na soksi za sufu jozi sita. Miti ya mtaa wetu wa Guildford ilipoanza kubadilika rangi kwa mara ya pili machoni pake, Mama alikuwa anaamka saa tano, anakunywa chai nusu kikombe, anarudi kulala.

Ndipo kanisa letu likatangaza Jumapili ya Mavuno. Ni kanisa la Waswahili wa kila namna, Watanzania, Wakenya, Wakongo na Warundi, tunaokodi ukumbi mmoja na kuelewana kwa Kiswahili kadiri kila mtu alivyojaliwa. Mwaka uliotangulia hatukufanya Mavuno, tulikuwa tumefungiwa majumbani. Nikaenda chumbani kwa Mama na habari hiyo nikidhani nampelekea zawadi.

"Usiwe na wasiwasi," nikamwambia, "sadaka yako nitaituma kwa simu."

"Kwa simu," akasema.

"Ndiyo Mama, siku hizi wote tunatuma hivyo."

"Tumaini, sijawahi kusimama mbele ya madhabahu siku ya Mavuno na kitu ambacho sikukivuna. Mwaka huu sikuvuna, na mwaka jana sikuvuna. Nendeni ninyi." Akageukia ukutani.

Mimi ninafanya kazi katika nyumba ya kulelea wazee. Nimewaona wazee wanaogeukia ukutani, na ninajua huwa wanaishia wapi. Siku hiyo niliogopa kwelikweli. Niliona kabisa kwamba Mama asipopata kitu cha kupeleka kanisani kwa mikono yake, hatatoka tena kwenye kile kitanda nilichomnunulia mwenyewe.

Mwenzangu mmoja kazini akanidokeza kwamba huko milimani, mbele ya mji mdogo wa Bilpin, kuna mashamba ya matufaa ambako mtu unaingia unachuma mwenyewe. Rosta yangu ya zamu ilinipa siku moja tu ya mapumziko, Jumamosi, mkesha wa Mavuno. Nikasema hiyohiyo.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Guildford. Bahati alikuja na gari lake. Huyu ni Mkongo wa Bukavu, anafanya kazi kwenye ghala Smithfield, kwaya tunaimba naye. Nilikuwa bado sijamtoa Mama kitandani.

"Mama, tunakwenda kuchuma matufaa."

Akafungua jicho moja. "Ya nani?"

"Ya wazungu, milimani."

"Miti yao ya aina gani?"

"Sijui, Mama."

"Hujui." Akaamka. Nadhani aliamka ili aje anicheke, lakini nilishukuru hivyohivyo. Kufika mlangoni akasimama. "Umembebea nini mwenyeji?" Nikamweleza kwamba hapa hatuendi kwa mwenyeji, tunakwenda mahali pa biashara, hakuna anayetungojea. Alichukua lile kontena la maandazi niliyokaanga jana yake kwa ajili yetu njiani, akalifunga kwenye kitenge. Basi kifungua kinywa chetu kikawa kimeondoka hivyo.

Saa mbili kasoro robo, daraja la mto Hawkesbury. Mto huu ulifurika mwezi wa tatu, na nyuzi za seng'enge pembeni mwa barabara zilikuwa bado zimeshika nyasi kavu na matambara, juu kuliko kichwa cha mtu. Mama aligeuza shingo kuzitazama. Kisha akaomba kioo kishushwe.

"Baridi, Mama," nikasema.

Bahati akabonyeza kitufe upande wake na kioo cha Mama kikashuka chote. Nikamkata jicho kwenye kioo cha mbele, yeye akajifanya anaangalia alama za barabarani. Hewa ya majira ya majani kupukutika ikaingia, kali na safi, yenye harufu ya udongo mbichi na moshi wa kuni kutoka mahali fulani. Mama alivuta pumzi mpaka mabega yakapanda.

"Kumbe wana baridi nzuri," akasema. "Mwaka mzima umenificha."

Mimi ndiye niliyesahau kwamba mwanamke huyu alinizaa mwezi wa saba, Makete, kwenye nyumba isiyo na hata dari.

Kutoka pale barabara inapanda Kurrajong kwa kona. Huku moto mkubwa ulipita kabla ya korona, na mikaratusi bado ina magome meusi, lakini kila shina limechipua majani mabichi kuanzia chini hadi juu, kama mtu aliyevaa sweta la manyoya. Katikati ya weusi huo, kila penye nyumba pana miti ya kigeni iliyopandwa zamani, na miti hiyo ilikuwa imewaka rangi: njano ya bizari, nyekundu ya mawese, kahawia ya chai ya rangi. Mama alianza kuongea, na hakunyamaza tena. Ule ni mpea, wamechelewa kuupogoa. Yule ng'ombe ameshiba. Yule bwana anapasua kuni mbichi, zitamsumbua kwa moshi. Nilikuwa sijasikia sentensi tatu za mfululizo kutoka kwake tangu Pasaka.

Saa tatu na robo, shambani. Ng'ambo ya Bilpin tuliingia njia ya changarawe, tukakuta geti limesimama wazi nusu na kibao kimefungwa kwa waya. Kibao kilisema matufaa yamekwisha, tumefunga, karibuni mwakani.

Kosa lilikuwa langu. Mimi, binti wa mkulima wa matufaa, nilipanga siku ya kuvuna kwa kufuata rosta ya kazini badala ya kuuliza mti.

"Dada, bamefunga," akasema Bahati. "Tugeuke tu. Tutauza kitu ku njia." Kwa Kiswahili chao kuuza ni kununua, nimeshazoea.

Mama alikuwa amekwisha shuka. Kwenye kilima kidogo kulikuwa na nyumba ya mbao yenye baraza, na dohani yake ilikuwa inatoa moshi. Alikaza kanga kiunoni, akachukua furushi la maandazi.

"Mama, pamefungwa. Imeandikwa."

"Imeandikwa matufaa yamekwisha. Haikuandikwa mwenye nyumba amekwisha. Umefika getini kwa mtu, moshi unauona, ugeuke bila hata kumsalimu?"

"Mama, huku batu habapigake hodi," Bahati akamsihi. "Kuingia kwa mutu bila randevu, bila kumujulisha mbele, ataita polisi!"

"Hodi!" Mama akaita, tayari yuko ndani ya geti. "Hodi wenyewe!"

Nilimkimbilia huku natafuta barakoa mfukoni na maneno ya kuomba radhi kichwani. Mlango ukafunguliwa, akatoka bibi wa kizungu mrefu, mwenye sweta lililotoboka viwiko, anachechemea goti moja. Akainua kiganja tusimame mbali, kama ilivyokuwa desturi ya miaka ile. Mama akaelewa. Akaweka furushi juu ya gogo la kupasulia kuni, akarudi nyuma hatua tatu, akapiga goti kidogo. Bibi yule alitazama kitenge, akatutazama, akafungua.

"Ni nini hiki?" akauliza kwa Kiingereza.

"Ni mikate ya kukaanga," nikasema. "Mama yangu anasema hatuwezi kufika kwako mikono mitupu. Samahani sana, tunaondoka sasa hivi."

Akauma andazi moja. Akatafuna polepole. "Miezi mingi hakuna aliyegonga hapa isipokuwa mtu wa posta," akasema, "na yeye huwa hafiki na chochote cha kula." Jina lake Noreen, naye ni mjane. Bi Noreen alitueleza kwamba matufaa yaliisha wiki iliyopita, yamebaki machache ya kileleni.

Mama hakuwa anamsikiliza. Alikuwa anatazama nyuma ya nyumba, kwenye mteremko wa miti mikubwa yenye majani marefu ya njano. Chini yake ardhi ilikuwa imejaa vitu vya kahawia vyenye miiba, kama vinungunungu vilivyolala.

"Muulize mbona ameacha mali inaoza chini."

Nililainisha kidogo, nikauliza. Bi Noreen akashusha pumzi. Hizo ni chesnati, akasema, aina ya karanga zinazozaa juu ya mti. Wavunaji wake huwa ni vijana kutoka Ulaya wanaokuja kutembea na kufanya vibarua, na sasa mipaka imefungwa, hawakuja. Yeye ana goti. Jioni hiyo mvua inaingia na haitakatika wiki nzima, na chesnati ikilowa siku mbili chini imekwenda na ukungu. Nusu ya mteremko ameshaukatia tamaa.

Nikamtafsiria Mama. Akakunja mikono ya blauzi.

"Ndoo ziko wapi?"

"Mama, hapana," nikasema. "Wewe umekuja kupumzika."

Akanigeukia, na uso wake haukuwa na hasira, ulikuwa umechoka tu. "Nimepumzika miezi kumi na minne, Tumaini. Nimechoka kupumzika."

Bahati aliinamisha kichwa. Mimi nikawakumbuka wazee wa kazini. Kazini kwangu kuna kikapu cha taulo ndogo. Kila asubuhi tunawapa wazee wazikunje, na wakimaliza tunazikunjua kwa siri ili wapate za kukunja kesho, kwa sababu tulifundishwa kwamba mtu asiye na kazi hunyauka. Nimewapa taulo mama za watu wote. Mama yangu mwenyewe nimemnyang'anya hata kijiko.

"Ndoo, Bi Noreen," nikasema. "Mama anaomba ndoo."

Saa nne, kwenye mteremko. Kwanza tulijiandikisha kwenye daftari lake la korona, majina na namba za simu, maana hata shambani sheria ilikuwa sheria. Kisha akatupa glavu nene na kutuonyesha. Ganda la miiba halishikwi kwa mkono. Unalikanyaga pembeni kwa viatu viwili, unalizungusha, linapasuka, na chesnati zinachungulia mbili au tatu, za kahawia, zinang'aa kama zimepakwa mafuta. Zile nyembamba unaacha, zenye tundu unatupa.

Dakika kumi za kwanza Mama alikuwa mwanafunzi. Baada ya hapo hakuna aliyemfikia. Aliinama kutoka kiunoni, miguu imenyooka, kama anavyoinama kwenye viazi, akaenda mstari kwa mstari bila kuinuka. Mguu wa kulia unapasua, mkono wa kushoto unaokota, ndoo inasogezwa kwa goti. Bahati, mwanaume wa kubeba maboksi kutwa, alikuwa anapiga kelele kila hatua.

"Ayii! Hii miiba iko mubaya, Mama! Imeingia mpaka ndani ya kiatu!"

"Unakanyaga kwa woga, baba. Mwiba unamjua mwoga."

Bi Noreen aliketi kwenye kiti cha turubai juu ya mteremko akichambua tulizoleta. Baada ya kama saa nzima akaniita. "Muulize mama yako huo mgongo kaupata wapi."

"Mwambie umetoka kwenye viazi," Mama akajibu bila kuinuka. "Na mwambie miti yake mizuri, ila ule wa tatu una mdudu kwenye shina."

Bi Noreen alikwenda akauangalia ule wa tatu, akarudi anatikisa kichwa. Mdudu alikuwepo.

Saa saba mchana tulipumzika. Mwenyeji wetu aliwasha moto ndani ya pipa lililokatwa nusu, akatoa kikaango chenye matundu. Alitufundisha kuchana kila chesnati alama ya msalaba kwa kisu, usipochana italipuka. Zilipoiva maganda yalijikunja, na ndani mlikuwa na unga mtamu, katikati ya kiazi kitamu na karanga changa. Tulikula tukiunguza vidole, na chai ya maziwa, na yale maandazi yangu yaliyokaribia kuungua ambayo wote walikuwa na adabu ya kutoyasema.

Barazani kwake nilichungulia jinsi anavyoishi. Maboga yamepangwa juu ya paa la banda yakauke kwa jua la mwisho. Vitunguu saumu vimesukwa na kutundikwa. Kuni zimepangwa kufikia dirishani, kavu mbele, mbichi nyuma. Mitungi ya jamu ya matunda fulani ya njano ambayo hayaliki mpaka yapikwe. Anasema hanunui nyanya majira haya, anangoja zake. Milango miwili ya nyumba huiacha wazi mpaka saa tisa, kisha anafunga na kukoleza moto, na hapo ndipo blanketi linapokuwa na maana.

"Sisi viazi tunavifukia kwenye shimo na majani makavu," Mama akasema, "panya asione." Nikatafsiri. Bi Noreen akaeleza yeye anavyofukia karoti kwenye mchanga. Nikatafsiri. Mama akaonyesha kwa mikono kina cha shimo, Bi Noreen akatikisa kidole na kuonyesha kina kingine. Baada ya hapo hawakunihitaji tena. Wajane wawili walibishana kuhusu shimo, mmoja kwa Kiswahili cha Makete na mwingine kwa Kiingereza, na wakaelewana kuliko mimi na Mama tulivyoelewana mwaka mzima.

Saa tisa wingu jeusi lilisimama upande wa magharibi. Tulirudi mteremkoni sote, hata mwenye goti. Saa kumi na dakika chache Mama alimwaga ndoo ya mwisho, akanyoosha mgongo, akageuka kuutazama mteremko wote uliokuwa mtupu. Tone la kwanza likampiga kwenye paji la uso. Akapiga kigelegele peke yake, kirefu, kikavuka bonde. Mbwa wa jirani wakabweka. Bi Noreen alicheka mpaka akashika nguzo ya baraza, na mimi nikalia, sioni aibu kusema.

Wakati wa kuondoka alitujazia kikapu kikubwa cha chesnati, na Bahati akapanda ngazi kuchuma yale matufaa ya kileleni. Mama alikataza yasipanguswe. Alitaka yaende na majani yake.

Saa kumi na moja, njia ya kurudi. Mvua ilitufuata hadi Richmond. Mama aliimba nyimbo za Mavuno za Makete, Bahati akamwekea besi kwa nyimbo asizozijua, na mimi niliendelea kuchomoa miiba viganjani. Hita ya gari hakuna aliyeiulizia.

Jumapili, saa nne asubuhi, kanisani. Mbele palikuwa pamejaa magunia ya mchele wa dukani, mafuta ya kupikia na ndizi zenye vibandiko vyake. Watu wote walikuwa wameketi kwa nafasi na barakoa zao. Mama alisubiri mpaka mstari uishe. Kisha akaingia kwa mlango mkubwa, kikapu kichwani, hakukishika kwa mkono, majani ya matufaa yananing'inia pande zote. Akina mama wa Kikongo ndio walioanza vigelegele, wengine tukadakia.

Mzee wa kanisa alichungulia kikapuni. "Mama, hizi tuziite nini?"

"Jina lake la kizungu linanipotea," Mama akasema, na sauti ilifika hadi viti vya nyuma. "Lakini nimezivuna mwenyewe."

Nimeandika safari hii kwa ajili ya wenzangu mlio nyumbani mnaotuma wazazi wenu huku, na wenzangu wa huku mnaowapokea. Sote tunaujua ule msemo, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Siku zote nilidhani umetungwa na mwenyeji aliyechoka kulisha watu. Sasa nadhani ulitungwa na mgeni. Majira nayo ni hivyohivyo: nilikuwa nayafungia nje kwa hita na mapazia, nikidhani namlinda mtu, kumbe yalikuwa na kazi ya kumpa.

Tulirudi nyumbani kutoka kanisani mimi nikiwa hoi, mgongo hauinuki. Nikajitupa kwenye kochi na viatu vyangu, nikasema maneno ambayo wiki moja nyuma nisingethubutu kumwambia mzazi wangu.

"Mama, mimi siwezi tena. Vyombo viko kwenye sinki, na maharage hayajachambuliwa."

Kisha nikasikia bomba linafunguliwa, dirisha la jikoni linafunguliwa, na Mama anauliza kwa ukali nani alinifundisha kuosha sufuria juu tu na kuacha chini nyeusi. Nilitabasamu ndani ya mto wa kochi. Baadaye kidogo akazima maji, akashika simu, akamrekodia mama mdogo kule Makete ujumbe.

"Mdogo wangu, wasalimie wote nyumbani. Nisamehe nimechelewa kukujulisha. Nimefika salama."